Goti

Wa kwanza alikuwa chuma kitupu:
upanga wa radi, ngozi isiyopenyeka.
Pirjo alimwandika kwa usiku mmoja, hospitalini Oulu,
mashuka ya wagonjwa yakizunguka mashineni.
Waamuzi wakamnyima alama:
asiyekufa tumlilie nini?

Theluji ikaziba dirisha.
Akampokonya radi,
akampa goti la marehemu baba yake,
lile lililolia kila akipanda ngazi,
na deni la buti alizovaa,
na woga wa barafu nyembamba.

Raundi ya pili, mpinzani wa Valparaíso,
kwa sentensi moja,
akalivunja goti hilohilo.

Pirjo akasoma mara mbili.
Akajishika mguu.
Kisha akaandika:
anainuka, kwa ubavu, taratibu,
kama baba alivyoshuka kitandani
asimwamshe mtu.