Bawaba

Nazijua bawaba. Miaka kumi na tisa nimezikata,
nimezikunja, nimezitia pini, hapa Kariobangi,
kwenye kibanda ambacho mvua huingia bila kubisha hodi.
Siku njema natoa jozi arobaini.
Zile za meli huja elfu kumi kwa mkupuo,
nyembamba kama ulimi wa paka,
na bei yake hainiachii hata nafasi ya kukohoa.

Nataka mashine moja tu ya kukata na kukunja chuma.
Benki haikatai, ila inataka kibali cha jengo.
Kibali kinataka cheti cha zimamoto,
cheti kinataka umeme wa fezi tatu,
na umeme wa fezi tatu, ndugu yangu,
unataka kibali cha jengo.

Basi niko dirisha la tatu, mwezi wa kumi na moja huu.
Faili liko kwa mkubwa. Mkubwa yuko mkutanoni.
Mkutano uko Naivasha.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili:
mlango huzungushwa, na mtu huzungushwa.
Tofauti ni kwamba mlango ukizungushwa, hufunguka.

Redioni wanasema viwanda vimekosa mtaji,
vimekosa mafundi. Mafundi?
Ogutu, jirani yangu, aliunda mashine ya kupukuchua mahindi
kwa rimu la baiskeli na akili yake mwenyewe.
Ilipukuchua gunia kabla chai haijapoa.
Alihangaika na madirisha miaka minne
ipigwe muhuri wa ubora.
Siku hizi anauza viatu vya mitumba Gikomba
na mashine inalaliwa na kuku.
Kuku hawaulizi muhuri.

Sasa tazama mlango wa ofisi hii.
Unaning'inia kwa bawaba moja.
Kila apitaye huuinua kwa goti,
na chini wamechomeka karatasi iliyokunjwa usilie.
Niliinama nikaisoma: fomu ya maombi, kama yangu,
jina la mtu limeliwa na viatu.

Mkobani nina jozi ya sampuli na bisibisi.
Dakika kumi tu, nisingehitaji hata ngazi.
Vidole vilikuwa vimekwisha kuigusa
mlinzi aliponinong'oneza: mkono mtupu haulambwi, mama.
Na macho ya karani yakashuka polepole
kutoka usoni kwangu hadi mkobani.

Hapo nikaelewa. Nikiutengeneza leo,
nitakuwa nimetoa chai ya chuma.
Nikafunga zipu.
Sijawahi kuuona mlango mgonjwa nikaupita.
Usiku ule mikono iliniwasha.

Jumanne iliyofuata dirishani alikaa kijana mgeni,
Lekishon, kola imeizidi shingo.
Hakunitajia mkubwa. Alifungua daftari,
akaandika nambari, akaandika tarehe,
akapiga muhuri, akanichania risiti.
"Siku ishirini na moja. Zikipita bila jibu,
njoo na karatasi hii, uniulize mimi."

Nilisimama pale kama aliyerudishiwa chenji nyingi kupita kiasi.
Nikamuuliza, sauti chini: "Na mimi natoa nini?"
Akainua macho.
"Nafasi, mama. Kuna foleni nyuma yako."

Leo ni siku ya kumi na nne.
Sijipumbazi. Huenda watamhamisha Lodwar
kabla wino haujakauka; daftari nalo huungua.
Lakini jana nimefagia kona ya kibanda,
nikapiga chaki mahali pa miguu minne ya mashine.
Akeyo, binti ya Ogutu, aliuruka mchoro ule
kama vile chuma kimekwisha kusimama pale,
akaniuliza kazi itaanza lini.

Nilihesabu vidoleni.
Nikamwambia siku saba, ndipo tutajua.
Mdomo ulishazoea kusema kesho.
Sikuusema.