Sifuri

Miaka ishirini na sita napima korosho za watu hapa Newala,
na kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda,
narudisha mshale kwenye sifuri.
Mgongo wangu sikuwahi kuurudisha popote.

Muuguzi Somoe alinikuta nafunga kamba ya kiatu
kama mtu anayefunga mzigo wa kuni.
"Njoo yoga Jumanne," alisema, "na kitu cha kulalia."
Nilikwenda na gunia tupu.

Tulikuwa saba, ukungu umelala uwanjani,
kijana wetu ana miaka arobaini na moja.
Inama. Magoti yakapiga kelele kama komeo la ghala.
Simama kwa mguu mmoja:
nikamwangukia Mwalimu Chitanda,
naye akaangua kicheko.

Mke wangu aliuliza kama nimebadili dini.
Hapana, nabadili kiuno.
Vidole vya miguu bado sijavigusa;
nimefika kwenye ugoko, hapo nimepiga kambi.

Juzi, msimu umepamba moto,
mzee Nampulula akanifokea mbele ya foleni:
Mizani yako inakula korosho zangu!
Zamani ningemrudishia,
na usiku maneno yangenirudia mimi, kitandani.
Nikavuta pumzi hadi chini ya kitovu,
nikaitoa kidogo kidogo, kama maji ya kununua.
Mshale ukatetema ndani yangu,
ukatulia.

"Tupime tena, mzee."

Tukapima. Alikuwa na haki, nusu kilo.
Asubuhi ile nilijisawazisha mwenyewe,
nikaisahau mizani.