Kituo cha Ribeira de Urzes

Walituonya tusiende usiku wa Mtakatifu Yohana,
Ureno nzima ikiwa inaruka moto na kuchoma sadini.
Tukaenda. Mimi, Belmiro wa tanuri la mikate,
na Dona Adosinda, aliyekataa kata kata kuachwa nyuma:
miaka themanini na mitatu, fimbo ya mzeituni,
nusu mkate mfukoni mwa aproni.

Reli zenyewe hazipo. Ziling'olewa, zikauzwa kwa kilo.
Imebaki kokoto, imebaki mibigili,
na mataruma mawili matatu ambayo wezi waliyachoka.

Kituo kimesimama bila paa.
Vigae vya buluu ukutani: wavuna zabibu,
kila mmoja kabanduliwa uso.
Saa haina akrabu. Wanasema
ukikaa karibu na dirisha la tiketi
utalisikia garimoshi la saa nne na dakika saba
likinguruma ndani ya ukuta,
halitoki, halifiki.
Kuna mchungaji aliyetimua mbio
akaacha kondoo wote na kiatu cha kushoto.

Tukakaa. Belmiro akanishika mkono,
akasingizia utelezi, penye vumbi tupu.
Kisha tukalisikia.
Lilianzia chini, kwenye nyayo,
likapanda magotini, likapanda
hadi kwenye mizizi ya meno.

Adosinda akaenda, akaweka sikio ukutani
kama mkunga kwenye tumbo.
"Nyuki," akasema. "Wanaipepea asali ikolee.
Kila kiangazi hivi hivi."

Kwa mwoga huenda kicheko, na kweli kilitujia,
kikatukalisha chini, kikatutoa machozi.
"Ulijua siku zote?" nikamuuliza.
"Mbona hukuwaambia watu?"
Akamega mkate, akatafuna polepole
kwa upande wenye meno.
"Watu wakijua ni asali, mwanangu,
watakuja na ndoo."

Wakati wa kurudi tulifika pale
barabara inapokatiza njia ya reli ambayo haipo.
Miaka thelathini na mmoja alilinda kivuko hicho,
bendera nyekundu kwapani, mtoto mgongoni,
lango afungue, lango afunge.
Lango sasa liko shambani kwa mtu,
maharage yanalipanda.

Akasimama.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akainua fimbo mbele ya vifua vyetu,
tukazuilika, watu wazima wawili,
dakika nzima, pengine mbili.
Upepo ukapita na harufu ya makaa,
ya mioto ya kijijini, nadhani.
Hakuna aliyesema neno.
Kisha akaishusha fimbo. "Piteni."

Tulipofika kwenye taa za kwanza
Belmiro akaninong'oneza: mabehewa sita.
Mimi nilikuwa nimehesabu saba.