Daftari la Matukio: Ndara

Miaka ishirini na miwili buti za kampuni
ziliifuga miguu yangu kama kuku wa tenga.
Nilipostaafu nikaivulia mlangoni, mchana kweupe,
na Kamene akaitazama, akauliza, "Hii ni ya nani?"
Imepauka kama muhogo uliomenywa jana,
kisiginoni magaga ya kuficha sarafu.

Basi nikashuka Gikomba, nikamalizia Kariokor,
nikarudi Kayole na jozi tatu na nauli ya kukopa.
Na kwa kuwa mkono uliozoea zamu haustaafu,
nikafungua daftari la zamani, kurasa za nyuma,
nikaandika: Mahali, nyumbani. Lindo, miguu miwili.

Za bluu, shilingi mia na ishirini.
Laini, sitasema uongo, kama kukanyaga mkate.
Lakini siku ya nne kokoto za njia ya maji
zilikuwa zinanisalimia moja moja.
Soli ilibonyea hata ukiiinua juani
unamwona jirani akianua nguo.
Siku ya tisa kanda ikachomoka katikati ya barabara,
vijana wa boda wote wakitazama,
nikaburuta mguu kama mtu anayeitwa na chifu.
Nikaitia msumari kwa chini, ikashika.
Ikawa sasa ninatembea nikiufikiria msumari.

Za tairi alizikata Wambugu mbele yangu,
akazigonga kwa nyundo, akasema, "Hizi utazirithisha."
Nakubali. Mvua iliponyesha siku tatu
na lile tope jeusi likaanza kuvua watu viatu,
mimi nilipita katikati kama trekta ya serikali.
Ila ni ngumu. Ngumu kama jibu la karani saa saba kasoro.
Jioni, kati ya kidole gumba na ndugu yake,
palikuwa na lengelenge la ukubwa wa kunde.
Warithi watajua wenyewe.

Za tatu, kahawia, mia nne na hamsini,
(Kamene aliambiwa mia mbili)
zina kanda pana ya kitambaa na mifereji chini.
Hizi nilizipeleka bafuni.
Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Wahenga hawakuoga zamu moja na Owuor wa chumba cha sita,
anayeacha povu sakafuni kama amechinja sabuni.
Nikamwaga nusu ndoo. Nikasimama mguu mmoja,
mkono ukutani.
Kisha mkono nikauondoa.
Mzee wa miaka sitini na mmoja, taulo kiunoni,
mguu mmoja kama korongo, katika saruji ya kaya kumi na nne,
na sikuteleza, wala sikuanguka.
Nikaandika: Saa kumi na mbili u nusu. Hali shwari.

Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: zina kelele.
Chapa, chapa, kila hatua zinapiga kisigino makofi.
Mlinzi hasikiki akija. Mlinzi hutokea.
Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha vijana,
na ndivyo nilivyorudi nyumbani kila alfajiri,
kimya, buti mkononi, watu wangu wamelala,
wakijua nimefika kwa kuziona buti mlangoni.

Jumatano nilitoka kununua unga na mafuta ya kupima.
Kurudi, kabla sijainua mkono kubisha,
komeo likalia, mlango ukafunguka,
mjukuu wangu Mwende amesimama na kijiko mdomoni.
"Nimekusikia tangu kwa mama mboga," akasema.
"Nimeshakupakulia."

Daftari la matukio halifutwi.
Ukikosea, unapiga mstari mmoja, neno libaki likisomeka,
unatia saini pembeni.
Nikapiga mstari juu ya "kasoro".
Nikatia saini.

Nyongeza: za bluu tuliziacha bafuni za wageni.
Ya kushoto imeibwa, pamoja na msumari wake.
Uchunguzi unaendelea.