Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Jumatatu, saa mbili, mkaa haujashika,
nawasikia kabla sijawaona:
viatu vizito vinagonga kichochoro cha Jang'ombe
kama watu waliochelewa ofisini, na ofisi hawana.

Hodi. Karibuni. Mafurushi mawili,
mashati kumi, yote meupe. Wallahi, kumi.
Mie dobi mwaka wa thelathini na nne,
nimenyoosha kanzu za Idi, majoho ya mahakimu,
magwanda ya wapiga tarumbeta,
sijaona watu waliogombana na rangi kama hawa.

Kifuani beji nyeusi: MZEE FONUA.
Mzee! Na ndevu bado hazijaamua.
Bi Tatu alicheka hata akashika ukuta.
Watoto humpangia foleni: "Shikamoo, Mzee!"
Naye, kwa adabu zote, "Marahaba,"
kisha hunigeukia mimi mwenye mvi:
"Shikamoo, Mzee."
Basi tupo wazee wawili hapa,
mmoja na magoti mabovu, mmoja na chunusi.

Shati halisemi uongo.
Kola ya mwenziwe, Lundgren, huja na ngozi,
jua limemmenya kama chungwa;
ya Fonua ina chumvi tu.
Chokaa kiwikoni: walipaka ukuta wa Mama Yusta.
Tope hadi kifungo cha tatu: masika, mtaro uliziba,
wakaingia na tai zao shingoni.
Wino mfukoni: daftari la maneno.
"Kwa nini shati langu, si shati yangu?"
Nikamwambia, shati halijali, mwanangu,
wanaojali ni watu.

Kahawa hawanywi. Chai hawanywi.
Shaame muuza kahawa aliwagongea vikombe mwezi mzima,
akanuna, akapita kama hawaoni.
Siku moja akaja na dele la pili,
tangawizi tupu, wala hakueleza.

Dini? Aliniuliza mara moja kama nina maswali.
Ninalo, nikasema:
haya mnalipa leo au mwisho wa mwezi?
Alicheka. Alilipa.

Kwao kisiwa, ati kidogo kuliko hiki,
huko jua letu linakoanzia kazi.
Sikusadiki, mpaka alipoikalia mbuzi ya Bi Tatu
akakuna nazi mbili, kra, kra, kra,
hata chembe ya kifuu haikudondoka,
na Lundgren kaduwaa
kama aliyemwona mwenziwe akirusha ndege.

Alhamisi hii kaja. Si siku yake.
Shati moja mkononi.
Nikalipokea: kavu, safi,
mikunjo yangu ya Jumatatu bado imesimama.
"Limechafuka?"
"Hapana."
Lundgren kabaki mlangoni, anatazama viatu.

"Babu wangu," akasema.
Akatafuta neno lililobaki, hakulipata,
akaonyesha kwa kiganja, chini, hivi,
kama mtu anayelaza kitu.

Babu wangu, alisema. Sikumsahihisha.

Nyumbani haendi. Imebaki miezi kumi na mmoja.
Mama yake kamwona kwenye simu, ukubwa wa kiganja,
na picha ikawa inakatika.

Nikapuliza mkaa.
Nikalinyunyizia maji shati lisilo na kosa,
nikaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono,
polepole, kama halijawahi kuguswa na pasi.
Yeye akaketi kwenye kigoda, anautazama mvuke.
Bi Tatu hakusema pole wala nini,
alimsogezea mbuzi, na nazi, na bakuli.
Akakunja mikono ya shati alilovaa.
Akakuna.

Saa nzima kichochoro kilisikia nazi na pasi.

"Shilingi ngapi?"
Nenda, nikamwambia. Jumatatu.