Safu ya Kumi na Saba

Groningen. Mvua inapiga baiskeli uani.
Wietske anafungua faili la Profesa Hylkema,
liko wazi kwa yeyote, bila kufuli, bila ada.

Kaanika hadharani; hakupepeta.
V17 ni nini? Huzuni? Usingizi? Namba ya kiatu?
Mshiriki wa tisini ana umri wa miaka 999.
Mwingine kajibu tatu, tatu, tatu, hadi mwisho,
kama atwangaye kinu kitupu.

Anamwandikia profesa. Kastaafu. Kimya.

Saa nane usiku, nyuma ya kisanduku kimoja,
maneno ya msaidizi asiyetajwa, waliyosahau kuyafuta:
“Huyu alilia swali la saba. Tukapumzika. Nikampa chai.”

Anayasoma tena.
Kisha, kwa mara ya kwanza usiku huo,
anaiamini namba: ile tano
iliyo kando yake.