Hesabu ya Msonobari

Shangazi Lempi alikuwa na vipimamvua viwili:
kimoja uwanjani, mbele ya banda la ng'ombe,
kingine chini ya msonobari wenye ndevu za kijivu,
hatua arobaini na moja kutoka mlangoni.
Kila asubuhi, saa mbili kamili,
alivaa buti za marehemu mumewe
akaenda kusoma maji.

Daftari lake ninalo. Karatasi zimevimba.
Agosti tisa: uwanjani milimita nne. Mtini, sifuri.
Agosti kumi na mbili: uwanjani kumi na moja. Mtini, sita.
Pembeni, kwa penseli: "Tumenyimwa tena."
Haba na haba, huku kwetu, haikujaza kibaba.

Septemba akaja mkaguzi kutoka Helsinki,
Bwana Sohlberg, mkoba wa ngozi, viatu vya mjini.
Akapitisha kidole juu ya safu mbili za tarakimu.
"Mvua ni moja," alisema. "Wingu ni moja.
Hatua arobaini tu! Maji mengine nani ameyanywa?"
Akamtazama kama atazamwavyo mtunza sanduku
ambaye fedha zake zimepungua.

Shangazi hakubisha. Alimmiminia kahawa.
Matone ya kwanza yalipogonga bati la banda
akamwambia: Twende.

Wakasimama chini ya mti, mabega yakigusana,
watu wawili wasiopendana.
Nje uwanja ulikuwa ukichapwa,
dimbwi likichemka, kuku wakikimbilia uvunguni mwa mkokoteni.
Humu ndani, zulia la sindano za mwaka juzi
lilikuwa kavu, likivunjika chini ya kisigino.
Angalia, alisema. Kila sindano inashika tone lake nchani.
Tone halianguki mpaka limpate mwenzake,
na hao wawili hawaanguki mpaka uzito uwashinde.
Hesabu sindano, Bwana Mkaguzi.
Akaanza kweli. Kwenye kitawi kimoja tu
alifika mia mbili na kitu,
akanyamaza.

Mvua ikakatika.
Sohlberg akafunga mkoba, akapiga hatua moja,
ndipo upepo ukapita kileleni
na mti ukammwagia shingoni yote uliyokuwa umeyaficha.

"Hayo," alisema Shangazi, "ndiyo ya kipimo.
Yaliyobaki yanarudi yalikotoka."
Na mti mzima ulikuwa ukifuka,
moshi mwembamba usio na moto,
maji yakipanda juu
bila kuujua udongo.

Theluji ni shauri jingine.
Januari mti haunyimi: unapakata.
Tawi linapokea, linainama kidogo, linapokea tena,
mpaka msonobari unafanana na mtu
aliyevaa nguo za ukoo mzima kwa siku moja.
Uwanjani nilikuwa nikizama hadi kiunoni;
chini ya mti palikuwa na duara la ardhi tupu,
upana wa kitanda cha mtoto,
na humo sungura mweupe aliacha joto lake.
Siku za baridi kavu, jua likiwa kibogoyo,
theluji ile ya juu ilipungua
bila kudondoka, bila kuyeyuka,
kama deni ambalo mdai amelisahau.
Shangazi alikuwa na alama yake kwa hilo:
mstari mfupi, na nukta juu yake, hewani.

Mti ulikatwa mwaka ule barabara ilipopanuliwa.
Sikuwapo. Niliambiwa hakutoka nje siku hiyo,
ila saa mbili asubuhi, kidogo tu.
Theluji ilipoyeyuka, ghala la viazi lilijaa maji
hadi ngazi ya tatu; hapo awali hayakuwahi kufika.

Nimefungua ukurasa wa mwisho.
Mei nne: uwanjani saba. Mtini, saba.
Mei kumi: uwanjani kumi na tatu. Mtini, kumi na tatu.
Tarakimu zimelingana, kama Sohlberg alivyotaka.
Na bado aliandika: mtini.